Uyoga wa nyasini si ule wa kichuguuni

Mvua ya masika ikishika Kisumu, uyoga huchomoza kila mahali: vichakani, chini ya miti, hata kwenye nyasi za nyua za mitaani. Kwa Kijaluo huitwa obuolo, na utamu wake unajulikana. Shida ni kwamba wengi wetu wa mjini tumepoteza jicho la nyanya zetu wa mashambani, ilhali hamu ya kuula tunayo bado.

Unaopendwa sana ni ule wa kichuguuni. Mara nyingi, ukiuchimbua polepole utaona shina likiendelea ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye makao ya mchwa, na katikati ya mwavuli wake pamechongoka.

Sasa upo mwingine, mkubwa na mweupe vilevile, ambao wanasayansi huuita Chlorophyllum molybdites. Juu una magamba ya kahawia, na shinani pete ambayo aghalabu husogea ukiisukuma kwa kidole. Mzizi hauna, shina huishia kwa uvimbe. Huota nyasini na kando ya miti. Ukiwa mchanga, chini ya mwavuli ni mweupe, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ukikomaa hugeuka kijani-kijivu.

Ukiwa na shaka, kata shina, laza mwavuli juu ya karatasi nyeupe, funika kwa bakuli hadi asubuhi. Wa kichuguuni huacha unga wa waridi hafifu. Huu mwingine, wa kijani. Unga wa waridi pekee haukupi ruhusa ya kula, lakini wa kijani unatosha kukukataza. Yale ya kutia kijiko cha fedha au kitunguu sufuriani ni porojo.

Anayeula huu wa kijani kwa kawaida hutapika na kuharisha baada ya muda wa saa 1 hadi 3, na mtoto huweza kuishiwa na maji mwilini upesi. La kutisha zaidi ni kutapika kunakoanza saa 6 au zaidi baada ya mlo, kwani huenda ni sumu ya ini, kama ya Amanita phalloides, ambayo kupika hakuiondoi. Mgonjwa hupata nafuu ya uongo, kisha ini huharibika. Usiingoje nafuu hiyo. Mkimbize hospitali, iwe ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji huiita Russia au iliyo karibu nawe, na ubebe mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa.