Rangi na Chapa: Mchezo Unaofunua Ukuaji wa Mtoto

Kuchora na kupiga chapa kwa rangi huwafurahisha watoto wa miaka 3 hadi 5. Kwa mzazi na mhudumu wa afya, michezo hiyo pia ni njia rahisi ya kutazama ukuaji, kwani mkono hauwezi kugonga alama mahali palipokusudiwa bila ushirikiano wa macho, misuli na ubongo.

Maandalizi

Unga wa ngano hupikwa kwa maji uwe uji mwepesi, ukaachwa upoe, kisha ukatiwa manjano au rangi ya chakula. Mtu mzima hukata bamia kwa upana. Mkato wake, ukichovywa na kugongwa juu ya karatasi, huacha umbo la ua. Jani la mpera lililopakwa rangi upande wa chini huacha chapa ya mishipa yake.

Rangi za kuta na mbao zisitumike kamwe. Baadhi yake zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo.

Wodini, mtoto mwenye dripu mkono mmoja hutumia mkono wa pili. Kila mtoto awe na kikombe chake, anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya mchezo, na mabaki yatupwe siku hiyo hiyo.

Mambo ya kutazama

Watoto wengi huweza kunakili duara wakiwa na miaka 3, alama ya msalaba miaka 4, na mraba wanapokaribia miaka 5. Kuchelewa kidogo si lazima kuwe ugonjwa. Asiyewahi kushika kalamu huhitaji mazoezi kwanza. Kutumia mkono wa kushoto si kasoro, na mtoto asilazimishwe kuuacha.

Hata hivyo, dalili tatu zahitaji uchunguzi bila kusubiri: mkono mmoja usiotumika hata kushikilia karatasi, au unaobaki umekunjwa ngumi, uso unaoinamishwa hadi kukaribia kugusa karatasi, na kupotea kwa uwezo ambao mtoto alikuwa nao. Ya kwanza yaweza kuashiria mtindio wa ubongo, na ya pili kasoro ya kuona. Ya tatu haipaswi kupuuzwa kamwe.

Inafaa karatasi za mtoto ziandikwe tarehe nyuma, zihifadhiwe na kupelekwa kliniki, ili mhudumu aone mwenendo wa miezi kadhaa badala ya kutegemea siku moja.