Kodeki Zinapogombea Zamu

Msomaji wetu mmoja wa Same, mwenye duka dogo karibu na stendi ambamo hunakili filamu na kuwahifadhia watu video za harusi na za kwaya, ametuletea swali ambalo nililipenda tangu mstari wake wa kwanza. Kompyuta yake ni ya zamani, ya Windows XP, na ndani yake imo folda yenye harusi za miaka ya 2005 na 2006, ambazo wenyewe walimletea kutoka Suji, Vudee na Mamba wakitaka ziwekwe kwenye flashi. Kila aifunguapo folda hiyo, kabla hajagusa faili hata moja, kabla hajaomba picha wala sauti, madirisha yote hufungika, kioo hubaki kitupu kitambo kidogo, kisha kila kitu hurejea mahali pake kana kwamba hapakutokea jambo. Jirani alimwambia kuwa ni virusi. Fundi akampigia Windows upya, kompyuta ikatulia. Lakini msomaji alipoyarudisha mafurushi yake ya kodeki, ambayo bila hayo filamu nyingi za wateja hazichezi, maradhi yakarejea vilevile.

Virusi hawamo katika kisa hiki. Wala sitaeleza kwa tafsili jinsi picha inavyobanwa, kwa kuwa jambo hilo limekwisha kuelezwa mara nyingi kwa namna ya kuchosha, ila nitataja hesabu moja ili ijulikane ya kuwa kubana ni faradhi na si hiari: picha ya televisheni ya zama zile, yenye nukta 720 kwa 576, kila nukta ikichukua baiti 3, nayo ikibadilika mara 25 kwa sekunde, hula zaidi ya baiti milioni 31 katika kila sekunde, hata CD ya megabaiti 700 ingejaa kwa sekunde 22 hivi, kabla bibi harusi hajafika nusu ya ukumbi. Hesabu waliyoichapisha Nasir Ahmed na wenzake wawili mwaka 1974, ya kuigeuza picha kuwa jumla ya mawimbi ili yatupwe yale ambayo jicho haliyatambui, ndiyo msingi wa namna nyingi za ubanaji zilizofuata.

Kodeki, basi, ni jozi: nusu moja hubana, na nusu ya pili hubanua. Hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu leo, nami nitaiita king'amuzi, neno walilolizoea Watanzania wakati matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na kila nyumba yenye televisheni ikahitaji kisanduku chake. Najua wapo wanaoshikilia kisimbuzi, kwa hoja kwamba kilichosimbwa sharti kisimbuliwe, na kwa sarufi hoja yao haina ila. Lakini kung'amua ni kukitambua kilichofichika kwa dalili zake, na hiyo ndiyo hasa kazi inayofanyika hapa, kwa hiyo sioni sababu ya kuliacha neno lililokwisha kupata makao katika vinywa vya watu.

Chombo cha AVI, yaani faili la kubebea picha na sauti zilizobanwa, ambacho Microsoft walikitoa mwezi wa Novemba 1992, hakijali kilichomo ndani yake. Huandika herufi nne tu za utambulisho, mathalani DIV3, DX50 au XVID, kisha humwachia anayelifungua faili taabu ya kukitafuta king'amuzi kinachozifahamu. DIV3 ni alama ya DivX ya awali, ambayo Mfaransa Jérôme Rota aliipata kwa kuichokoa kodeki ya MPEG-4 ya Microsoft yenyewe. Na Xvid ilizaliwa mwaka 2001 katika ugomvi juu ya programu ya DivX iliyofunguliwa kwa watu wote kisha ikafungwa, ndiyo maana jina lake ni DivX likisomwa kinyumenyume. Aghalabu harusi iliyohifadhiwa katika AVI miaka ile huwa na mojawapo ya alama hizo, na mwenye duka asiyetaka kumrudisha mteja hujikuta akikusanya ving'amuzi vya kila kabila.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niliteue swali hili miongoni mwa maswali mengine. Ndani ya Windows umo mtambo uitwao DirectShow, uliotoka mwaka 1996 kwa jina la ActiveMovie, na ambao moyo wake ni faili linaloitwa quartz.dll, kwa jina walilolitumia mafundi wakati wa kuujenga. Programu ya kuonyesha filamu, ikiwa ni katika zile zinazoutegemea mtambo huu, haijui kung'amua chochote. Hulitaja faili na kusema kwamba yataka lionekane kwenye kioo, nao DirectShow huunga mfululizo wa vichujio: cha kwanza husoma faili, cha pili hutenga picha na sauti, vingine vikang'amua kila kimoja kwa upande wake, na vya mwisho vikafikisha picha kwenye kioo na sauti kwenye spika. Swali ni moja tu: vikiwapo ving'amuzi vitano vinavyodai kuifahamu alama ile ile ya herufi nne, kipi kitaitwa?

Wenyeji wa Same hawahitaji kufundishwa ugumu wa swali hilo. Mji uko katika nchi kavu chini ya milima yenye mvua, na kwa sababu hiyo watu wa Upare tangu kale walijenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayopokea maji ya mifereji usiku kucha, yakafunguliwa asubuhi ili nguvu iliyokusanyika iyasukume maji hadi mashamba ambayo mtiririko mwembamba wa mfereji usingeyafikia. Iliyo mashuhuri kati ya hizo ni ndiva ya Manoo kule Bangalala, katika bonde la mto Vudee. Maji ya ndiva hayamfuati kila mwenye jembe. Yana zamu, na zamu ina watu wanaoisimamia, wanaojua ya kwamba mahindi ya fulani yamekaribia kukauka, na ya kwamba fulani mwingine hakuonekana siku ya msaragambo wa kuzoa tope. Tuichukue sasa ndiva ambayo mfunguzi wake ni mwaminifu kabisa lakini hamjui mtu hata mmoja: kila mkulima amebandika namba mbele ya shamba lake, na mfunguzi, asiyeuliza habari ya mahindi wala ya msaragambo, huanza na mwenye namba kubwa kuliko wote, na akikataliwa huenda kwa anayefuata.

Hivyo ndivyo ufanyavyo DirectShow, na namba hiyo ndiyo daraja ya kichujio. Microsoft waliweka ngazi nne kuu: 8,388,608 kwa kinachopendelewa, 6,291,456 kwa cha kawaida, 4,194,304 kwa cha nadra, na 2,097,152 kwa kisichotakiwa kuitwa kabisa. (Zaonekana namba za ovyo, lakini kwa anayehesabu kwa msingi wa kumi na sita ni 8, 6, 4 na 2, kila moja ikifuatwa na sifuri tano, na uzuri wake hudhihirika mara moja.) Kasoro ni kwamba namba haibandikwi na kamati. Huiandika mwenye king'amuzi mwenyewe siku ya kukiweka, na nafasi iliyotengwa kwa ajili yake hupokea namba yoyote hadi 4,294,967,295. Mkulima wa kwanza akiandika 8,388,609 hupata maji kabla ya wote waliofuata ada. Jirani akiliona hilo huandika 8,388,610. Na wa tatu, aliyechoshwa na mashindano ya mojamoja, huandika milioni elfu nne na kwenda kulala. Kila furushi la kodeki aliloliweka msomaji wetu lilileta wakulima wake na namba zao, bila kuwaondoa waliotangulia, na baadhi yao, hususan vichujio vya kusafisha picha na vya kuandika tafsiri chini ya kioo, si wakulima wa kungoja zamu bali hujipenyeza katika kila mfereji unaopita, hata maji yaliyokwisha kufika kwa mmoja yakarudishwa kwa mwingine ili yapite tena.

Hata hivyo ugomvi wa zamu peke yake hauiangushi kompyuta. Ungeleta picha ya kijani, picha iliyopinduka, au sauti isiyo na picha. Kuanguka hutokana na jambo la pili, nalo ni kwamba vichujio vyote hupakiwa katika eneo moja la kumbukumbu pamoja na programu iliyoviita, wote ndani ya ukuta mmoja wa ndiva, na mmoja akiutoboa wote hufurikiwa. Mfano mmoja watosha. Kodeki nyingi huikata picha katika miraba ya nukta 16 kwa 16, na kwa kuwa 1,080 haigawanyiki kwa 16, filamu ya mistari 1,080 hubebwa kwa mistari 1,088, ile 8 ya mwisho ikakatwa wakati wa kuonyesha. King'amuzi kikimwaga mistari 1,088 mahali ambapo kichujio kinachofuata kimetenga nafasi ya 1,080, katika picha yenye upana wa nukta 1,920 na baiti 3 kwa nukta, baiti 46,080 hazina pa kwenda ila juu ya vitu vya wengine, na mwenye vitu hivyo atakapovihitaji atakuta takataka.

Hapo fumbo la Same hufumbuka. Folda inapofunguliwa, Windows Explorer, ile programu inayotuonyesha mafolda, hutaka kujua urefu wa kila filamu na kuichorea kijipicha, na kwa ajili hiyo huviita ving'amuzi ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, bila mtu kubofya chochote. Ukuta ukitoboka wakati huo, kinachokufa ni Explorer, nayo ndiyo yenye madirisha ya folda, upau wa chini na alama zote zilizo kwenye kioo. Kisha Windows huiwasha tena, na mwenye kompyuta hubaki akishangaa. Katika Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007, kazi ya vijipicha ilihamishiwa kwenye programu ya pembeni iitwayo dllhost.exe, ambayo ni sawa na kuchimba ndiva ndogo ya majaribio mbali na ile kubwa. Ndiyo maana wenye Vista na Windows 7 huambiwa tu kwamba COM Surrogate, yaani hiyo programu ya pembeni, imeacha kufanya kazi, na folda ikabaki wazi.

Afanyeje basi msomaji wetu? Kwanza asome taarifa ya kosa badala ya kuifunga kwa hasira, kwa maana ndani yake limetajwa jina la moduli iliyokuwapo wakati wa kuanguka, na likiishia kwa .ax, kama xvid.ax au ffdshow.ax, hicho ni kichujio na aghalabu ndicho mkosaji. Kisha aingie mahali pa kuondolea programu, aondoe mafurushi yote ya kodeki, akianza na lililowekwa mwisho, na aiwashe kompyuta upya kabla ya kuifungua tena ile folda. Baada ya hapo aweke VLC, kazi iliyoanzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa École Centrale Paris na kutolewa huru mwaka 2001, ambayo hubeba ving'amuzi vyake ndani yake na kwa kawaida haiendi kwa mfunguzi yeyote kuomba zamu. Harusi zake nyingi zitacheza humo bila furushi hata moja. Ikiwa kinachotokea ni kioo cha bluu na kompyuta kujizima, hilo ni shauri jingine, la dereva ya kadi ya picha, au la kumbukumbu iliyochakaa, au la feni iliyojaa vumbi katika joto la Same, na kodeki ni nadra kulaumiwa.

Kwa zile faili za zamani, ushauri wangu ni kuzigeuza kwa HandBrake ziwe MP4 za H.264, kodeki iliyokubaliwa mwaka 2003 na ambayo simu na televisheni za leo huing'amua zenyewe, na kazi hiyo aifanye kwenye kompyuta mpya zaidi, kwa kuwa ile ya XP itatumia usiku mzima kwa harusi moja. Asizifute za asili mpaka aitazame kila kwaya hadi wimbo wake wa mwisho: sauti ya MP3 yenye kasi isiyo moja haikai vizuri ndani ya AVI, na midomo na sauti zinazokubaliana dakika ya kwanza zinaweza kuwa zimeachana kwa sekunde nzima ifikapo dakika ya tisini.