Moto wa biogesi ukichezacheza, soma kipimo kabla ya kumwita fundi

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wenye mitambo ya biogesi, iwe Songea mjini au vijiji vya jirani, wanaifahamu kero hii, hasa Juni na Julai baridi inapokolea. Jana jioni jiko liliwaka vizuri. Asubuhi moto unapanda na kushuka, kisha unazimika, na chai ya watoto inaishia kwenye mkaa. Fundi anaitwa, anagusagusa bomba, moto unarudi, analipwa. Baada ya wiki mbili hali ni ile ile.

Hasara si nauli ya fundi pekee. Mwenye mtambo akikata tamaa huacha kuulisha kinyesi, tangi lililojengwa kwa fedha nyingi hugeuka shimo uani, na shamba la mahindi hukosa tope la samadi ambalo lingepunguza mahitaji ya mbolea ya dukani. Na teknolojia yenyewe si ngeni nchini: CAMARTEC ya Arusha ilianza kuieneza miaka ya 1980, na mwaka 2009 ukaanzishwa mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani.

Katika nchi za baridi kama Uingereza, mashine za gesi za kupasha joto nyumba huandika kwenye kioo herufi na tarakimu zinazotaja hitilafu. Jiko la biogesi halina kioo, lakini moto wake, pamoja na kipimo cha mgandamizo wa gesi kinachofungwa jikoni, husema mengi kwa anayevitazama.

Moto ukichezacheza, na kipimo nacho kikicheza, mara nyingi ni maji ndani ya bomba. Gesi hutoka tangini ikiwa na mvuke. Bomba linapopoa usiku, mvuke hugeuka maji na kutuama chini, gesi ikawa inapenya kwa kububujika. Zima kila moto ulio karibu, fungua koki ya kutolea maji iliyo sehemu ya chini kabisa ya bomba, kisha ifunge mara maji yanapokwisha. Kazi hii ni ya mwenye nyumba, na fundi anayejenga mtambo bila kumwonyesha mama mwenye jiko ilipo koki hiyo hajamaliza kazi.

Lakini tatizo likirudi kila baada ya siku chache, kutoa maji peke yake ni kumfuta jasho mgonjwa wa homa. Bomba linatakiwa kuteremka kidogo kidogo kuelekea kwenye koki. Likilegea mahali kama kamba ya kuanikia nguo, labda kwa sababu mvua imefukua udongo au mkokoteni umepita juu yake, maji hukaa hapo na koki haiyafikii. Fukua, linyooshe, shindilia udongo chini yake.

Kipimo kikibaki juu huku jiko limefunguliwa na moto ni mdogo, gesi ipo ila kitundu cha kuipitishia jikoni kimeziba. Kifungue na kukisafisha. Moto wa njano unaoacha masizi unahitaji hewa zaidi. Rekebisha tundu la hewa la jiko.

Kipimo kikiwa chini na kisipande hata jiko likifungwa usiku kucha, hapo fanya hesabu. Kilo moja ya kinyesi cha ng'ombe hutoa takribani lita 40 za gesi, na jiko moja hutumia kama lita 400 kwa saa. Kwa hiyo anayetaka kupika saa nne kwa siku ahitaji kama kilo 40 za kinyesi, zikichanganywa na maji ya kiasi hicho hicho. Ndoo moja haitoshi. Pia maji ya sabuni na dawa za kuulia vijidudu yasiingie tangini, kwani huua bakteria wanaotengeneza gesi.

Kama chakula kinatosha, tafuta uvujaji kwa kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Usitumie kiberiti kamwe. Maungio yakiwa mazima, huenda kuba lenyewe limepata ufa, na hilo ni la fundi. Mpigie umweleze kipimo kinasomaje na umeshakagua nini, ili aje na vifaa vya kuziba ufa badala ya kulipwa nauli ya kuja kuangalia kwanza.