Jani la Kangeta na Mshale wa Kemia



Mji mdogo wa Kangeta uko kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, katika milima ya Nyambene. Jina lake limefika katika mabaraza ya Pwani kabla ya watu kuujua mji wenyewe, kwa kuwa iko aina ya miraa iitwayo kangeta. Jani likishachumwa hufungwa vibunda, likavikwa majani ya mgomba lisikauke, kisha likapakiwa katika magari yanayoteremka mbio hadi Nairobi, na kutoka hapo kiasi cha kilomita 480 nyingine hadi Mombasa.

Haraka yote hiyo ni ya nini? Jawabu limo katika somo ambalo watoto wetu wa sekondari hulirudisha nyumbani wakilinung'unikia: mlinganyo wa kemia. Na tukilifahamu, tutafahamu pia jambo zito zaidi linalomhusu mama na mtoto wake wa kunyonya.

Mlinganyo una pande mbili, na baina yake kuna mshale. Upande wa kushoto huandikwa vitu vinavyokutana. Hivyo huitwa vitendanishi. Upande wa kulia huandikwa vinavyopatikana baada ya kukutana. Hivyo huitwa mazao. Kanuni yake ni moja: hakuna atomi inayopotea wala inayozuka. Zilizoingia ndizo zitakazotoka, ila zimejipanga upya.

Tuchukue mfano wa jikoni. Mkaa umewaka mpaka ukaisha, yakabaki majivu kidogo, na mtoto atasema mkaa umepotea. Haukupotea. Kaboni ya mkaa imekutana na oksijeni ya hewani, ikawa hewa ya kabonidioksidi:

C + O₂ → CO₂

Kaboni ni moja kushoto na moja kulia. Oksijeni ni mbili kwa mbili. Lakini jiko hilo likiingizwa chumbani, milango na madirisha yakafungwa kwa sababu ya baridi, oksijeni huwa haba. Vitendanishi ni vile vile, ila zao hugeuka:

2C + O₂ → 2CO

Zao hili ni kabonimonoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu wakiwa usingizini. Basi tusitosheke na kujua kilichoingia. Tuulize pia kilichotoka.

Sasa turudi kwenye jani. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitambua ndani ya miraa mbichi kemikali iitwayo kathinoni. Hiyo ndiyo inayomchangamsha mlaji, ikamwondolea usingizi na njaa, ikapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Nayo ni kemikali isiyotulia. Jani likikomaa mtini, au likichumwa na kuanza kunyauka, kathinoni hupokea atomi mbili za haidrojeni na kugeuka:

C₉H₁₁NO + 2H → C₉H₁₃NO

Hesabu, ewe mwanafunzi: haidrojeni 11 na 2 ni 13, kaboni zimebaki 9, naitrojeni moja, oksijeni moja. Mizani imekaa sawa. Zao kuu ni kathini, na pamoja nayo hupatikana norefedrini, ambayo atomi zake ni zile zile kwa idadi, tofauti ni mpangilio tu. Kathini ni dhaifu kuliko kathinoni. Ndiyo maana mnunuzi hulitaka jani la leo, na dereva hukanyaga mafuta: anashindana na mshale ule.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Husema, "Hii imelala, haina neno tena." Neno lipo. Kilichodhoofika hakikutoweka, kimegeuka, na kathini nayo huchangamsha mwili. Basi mabaki yaliyoachwa sebuleni si ya kuchezewa na mtoto. Na wala mshale hausimami jani linapotafunwa. Ini la mwanadamu huigeuza kathinoni kwa njia iyo hiyo, na mazao yake huingia katika damu kabla ya kutoka kwa mkojo.

Na damu ya mama ndiyo chanzo cha maziwa yake. Watafiti wameikuta kathini katika maziwa ya akina mama wanaotafuna jani hili, na imepata kuonekana hata katika mkojo wa mtoto anyonyaye. Mtoto huyo hakutafuna chochote, wala hakuulizwa. Yeye yuko upande wa kulia wa mshale. Kwa mjamzito pia, utumiaji wa miraa umehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Tunayasema haya kwa kuwa yako majumbani, tena mara nyingi kwa siri. Muguka utokao Mbeere, katika Embu, ni jani la mmea huo huo, nao hupatikana kwa bei ambayo hata kijana asiye na kazi huimudu. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku, na shauri likafika mahakamani. Lakini amri za serikali na za mahakama hazibadilishi kinachotokea ndani ya mwili.

Wala hatukukusudia kuwavunjia heshima watu wa Kangeta. Miraa imewasomeshea watoto, na kibunda chake kina mahali pake katika posa za Wameru. Na wanazuoni wamekhitalifiana juu ya hukumu yake, mlango ambao hatukuufungua leo. Tumesema juu ya kilichothibiti maabara tu.

Nasaha yetu ni hii. Mama mjamzito na anayenyonyesha aliache jani hili kabisa; na aliyelizoea amweleze muuguzi wa kliniki pasipo haya, kwani muuguzi hawezi kumsaidia katika jambo asilolijua. Mume asimletee mkewe, na wala asimfokee atakapotaka kuacha. Amsaidie, na yeye mwenyewe aanze. Na mzazi akimwona mwanawe akihangaika na milinganyo, akae naye, achore mshale, kisha amuulize maswali mawili: ni nini kimeingia, na ni nini kimetoka?

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na azibariki nyumba zetu. Aamin.