Macho ya Sanamu Hutiwa Lini?

Wenzangu wa hapa Jinja waliokiona kile kichwa cha udongo mezani katika chumba cha sanaa, kabla hakijapelekwa Mbale, wameniuliza mara nyingi: macho yake yamewezaje kung'aa hivyo, wala hayakuharibika katika tanuri? Nimeona vema niwajibu kwa maandishi.

Kichwa ni cha marehemu bibi yangu. Picha yake tuliyo nayo ni moja tu, nayo imefifia. Mama alinitaka nifinyange sura yake iwekwe nyumbani Mbale, ndugu wapate kuiona watakapokusanyika. Pua ikipotoka kidogo watu husamehe, lakini macho yakipotoka husema, "Huyu siye."

Udongo niliotumia si ule wa mtungi. Ni udongo wa polima, yaani plastiki iliyolainishwa kwa namna ya mafuta. Haukauki kwa hewa, bali huwa mgumu kwa joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi, kwa muda ulioandikwa katika pakiti. Joto likizidi mno huungua na kutoa moshi wa asidi, mbaya kwa kifua. Basi tumia kipimajoto, na fungua madirisha.

Macho ni ya rezini ya epoksi, ile ambayo mafundi wengine hujazia nyufa za meza. Rezini huchanganywa na kigumisho chake kwa kipimo cha mtengenezaji, humiminwa katika kalibu ya nusu duara juu ya karatasi iliyotiwa rangi ya jicho, kisha huachwa usiku kucha au zaidi. (Vaa glavu, maana ikiwa mbichi huwasha ngozi.) Likitoka huwa angavu kama tone la maji. Wala usichore nukta nyeupe ya mng'ao kama wafanyavyo wachoraji. Mwanga wa dirisha utaiweka wenyewe, nayo itahama kila mtazamaji anapohama.

Sasa ndipo shida inapoanza. Rezini ya kawaida hulegea kabla joto halijafika nyuzi 100, na udongo wataka 130. Rafiki yangu mmoja alivioka vyote pamoja. Macho yakatoka ya manjano, yamezama, kama ya samaki wa kukaanga. Mwingine aliyabandika juu ya uso uliokwisha okwa, na sanamu yake ikatoa macho kama mtu aliyekanyaga nyoka. Sababu ni kope. Jicho la mtu aliyetulia halionekani lote: kope ya juu hufunika sehemu ya mduara wa rangi.

Wafinyanzi wa zamani wa nchi yetu hawakuwa na shida hii. Kichwa cha Luzira, kilichopatikana karibu na Kampala mwaka 1929 kikapelekwa British Museum, London, kina macho ya udongo uleule, yaliyochomwa pamoja na uso. Lakini atakaye jicho la kung'aa atafute njia nyingine, nayo ni kuingia kwa nyuma. Wachongaji wa Japani waliijua zamani: sanamu za mbao za hekalu la Chogaku-ji, Nara, za mwaka 1151, zilitiwa macho ya jiwe angavu kutoka ndani ya kichwa.

Nami nilifanya hivi. Jicho la mtu mzima lina upana wa milimita 24 hivi. Kichwa changu kilikuwa theluthi ya kichwa cha kweli, basi jicho likawa milimita 8. Nilifanya bonge la foili, nikabandika juu yake shanga mbili za kioo za kipimo hicho, nikazipaka poda zisishikane na udongo. Kisha nikafinyanga uso juu yake, na kuzijengea kope kwa utulivu. Kioo hakidhuriki kwa nyuzi 130. Kilipotoka katika tanuri kingali na uvuguvugu nilikata kisogo kwa wembe, nikavuta foili yote, nikazisukuma shanga zikaangukia ndani. Zikabaki kope, na nyuma yake matundu mawili yenye kipimo sawasawa.

Macho ya rezini nikayaingiza kwa ndani, nikayashikiza kwa nta laini tu, bila gundi. Hapa usiwe na haraka. Bibi alizoea kuangalia chini kidogo, kama achaguaye kahawa. Mama alikaa mbele ya sanamu, mimi nyuma nikiyasogeza kwa kijiti, hata akasema, "Hapo." Ndipo nikatia gundi. Kisogo nacho nilikirudisha kwa gundi, maana kichwa chenye rezini hakirudi tena tanurini. Na mshono nikaufunika kwa kitambaa, kama alivyojifunga mwenyewe.

Kiwekeni kivulini, kwa kuwa jua huigeuza rezini kuwa ya manjano. Vumbi lifutwe kwa pamba kavu.