Picha ya Angani ya Mombasa: Soma Leseni Kwanza

Vijana wanaotengeneza mandhari ya kisiwa chetu kwa programu za kuigiza urushaji wa ndege wajue hili: picha ya setilaiti kuonekana bure kwenye simu si ruhusa ya kuinakili. Picha ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda. Leseni ndiyo husema iwapo utaitumia nyumbani tu, utaigawa au utaiuza. Ukiuza iliyo ya nyumbani, kazi ya miezi yaweza kuondolewa sokoni. Kurusha droni nako kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Tena, picha ya juu huonyesha mapaa. Milango ya nakshi ya Mji wa Kale haionekani, na Fort Jesus, kuta zote zile, hulala bapa kama mkeka. Hizo zipigwe kutoka chini, kwa idhini ya wenye nyumba.