Mihuri Mitano ya Kwihara

Machi 1872, kwenye tembe la Kwihara lililo kilomita chache nje ya Tabora mjini, David Livingstone alimkabidhi Henry Morton Stanley shajara yake ili aipeleke Uingereza. Aliifunga, akaidondoshea lakiri na kuigonga mihuri mitano. Mhuri wenyewe hakuwa nao, basi alitumia vilivyokuwapo: sarafu ya dhahabu ya Marekani, anna na nusu anna za India, na kidonge cha rangi ya kuchorea chenye nembo ya kifalme. Juu yake akaandika kwamba isifunguliwe kamwe.

Mzee huyo alikuwa na sababu. Mwaka 1869, akiwa Ujiji, aliandika makumi ya barua za kupeleka pwani, na wafanyabiashara wa njia ya misafara wakawa wazito kuzibeba. Zilizofika ni chache mno. Hakuna aliyehitaji kuvunja lakiri ili ajue mna nini ndani. Mwandishi alikuwa Mwingereza anayechukia biashara ya watumwa, mpokeaji alikuwa ubalozi wa Uingereza kule Unguja, na waliotakiwa kuzibeba ndio waliokuwa wakiuza watu. Maandishi ya juu ya bahasha yalitosha.

Leo mtu akiniuliza ni programu gani ya ujumbe iliyo salama, huwa ananiuliza habari za lakiri: je, imefungwa barabara? Hilo ni swali zuri, na lina majibu mazuri. Ila waliomwangusha Livingstone kule Ujiji hawakugusa lakiri hata mara moja.

Tuanze na lakiri hata hivyo, maana ni kazi ya hesabu yenye kupendeza. Ukifungua mazungumzo ya WhatsApp utaona maneno kwamba ujumbe umefumbwa mwisho hadi mwisho. Maana yake ni kwamba simu yako inauvuruga ujumbe kabla haujatoka, na ni simu ya mwenzako pekee inayoweza kuupanga upya. Kampuni inayousafirisha inaona mchanganyiko usiosomeka. Swali linalofuata ni gumu zaidi: simu mbili ambazo hazijawahi kukutana zinakubalianaje ufunguo, ilhali kila neno linapita mikononi mwa mtu wa katikati?

Jibu lilichapishwa mwaka 1976 na Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman. Chukua kalamu. Wewe uko Chemchem, Tabora mjini, shangazi yako yuko Urambo. Mnatangaza hadharani namba mbili, 19 na 2, kila mtu azisikie. Wewe unachagua namba ya siri, tuseme 5. Unazidisha 2 mara tano (2×2×2×2×2) na kupata 32, unagawa kwa 19, kinabaki 13. Hiyo 13 unamtumia shangazi. Yeye siri yake ni 3. Anazidisha 2 mara tatu na kupata 8, ambayo ni ndogo kuliko 19, basi inabaki 8. Anakutumia 8. Sasa wewe zidisha 8 mara tano: 32,768. Gawa kwa 19, kinabaki 12. Naye azidishe 13 mara tatu: 2,197. Agawe kwa 19, kinabaki 12. Mmepata namba moja, ambayo haikupita njiani. Aliyesikiliza ana 19, 2, 13 na 8, na kwa namba ndogo hivi atabahatisha kwa dakika chache. Kwa namba zenye tarakimu mamia, kompyuta zote tulizo nazo leo zikishirikiana hazifiki.

Programu ya Signal imejengwa juu ya wazo hilo, ikaongeza ujanja wake: ufunguo unabadilika kila ujumbe, hivyo mwizi akiupata wa leo hawezi kusoma wa jana. Utaratibu huo ulibuniwa na Trevor Perrin na Moxie Marlinspike, na mwezi Aprili 2016 WhatsApp ikatangaza kwamba imekamilisha kuutumia kwa watumiaji wake wote, waliokuwa zaidi ya bilioni moja. Kwa hiyo upande wa kufumba maandishi, Signal na WhatsApp zimetoka kiwanda kimoja. Telegram ni habari nyingine, na hapa wengi hushangaa: mazungumzo yake ya kawaida hayajafumbwa mwisho hadi mwisho. Yanahifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, na funguo kampuni inazo. Kuna sehemu ya mazungumzo ya siri ambayo lazima uiwashe mwenyewe, tena kwa watu wawili tu; kundi haliwezi kufumbwa namna hiyo hata mkitaka. Sijui kwa nini sifa ya usiri imeing'ang'ania Telegram kiasi hiki. Nadhani ni lile jina la ukaidi wa mwenye kampuni, Pavel Durov. Ukaidi nao una mwisho: alikamatwa Ufaransa Agosti 2024, na mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kwamba itatoa namba za simu na anwani za mtandao za watuhumiwa pale mamlaka zitakapoomba kisheria.

Turudi kwenye bahasha. Hata ujumbe ukiwa umefumbwa, kuna anayejua kwamba uliandika, kwa nani, saa ngapi, mara ngapi, kutoka wapi. Mtu aliyempigia daktari wa saratani mara tatu kwa wiki, kisha mwanasheria, kisha ndugu zake wote, hana haja ya kusikilizwa alisema nini. WhatsApp, ambayo ni mali ya Meta tangu 2014, inajua mengi ya aina hiyo. Signal inajua machache sana, na tuna ushahidi wa mahakamani. Mwaka 2016 baraza la mahakama huko Virginia, Marekani, liliwaamuru watoe taarifa za watumiaji. Walichoweza kutoa ni vitu viwili: siku akaunti ilipofunguliwa, na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Hawakugoma. Kabatini hakukuwa na kingine.

Ukiiweka kesi hiyo karibu na ya kwetu utaona uzito wake. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam. Polisi walitaka taarifa za watu walioandika kwenye jukwaa lake, naye akakataa kuwataja. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akatozwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Namheshimu kwa msimamo ule. Lakini siri ya watu wengi kutegemea uti wa mgongo wa mtu mmoja ni mpango wa hatari, kwa sababu wapo watakaobanwa kidogo tu wakasema. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kampuni inaahidi nini, uliza inaweka nini. Isichokiweka haiwezi kukitoa, hata ikitaka.

Hapa kwetu bahasha ina jina zito zaidi kuliko kwingine. Laini ya simu Tanzania inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, utaratibu uliokazwa kabisa Januari 2020. Programu nyingi, Signal ikiwamo, zinahitaji namba hiyo wakati wa kujiandikisha. Tangu Februari 2024 Signal inakuruhusu kuificha namba nyuma ya jina la kubuni, ili watu wa kundini wasiione. Hilo linawafaa hasa wanawake wanaosumbuliwa na wageni waliochukua namba zao kwenye makundi ya biashara au ya shule. Halikufichi kwa mtandao wa simu, ambao unajua laini ni yako na kwamba iko hewani.

Ukweli ni kwamba wasomaji wengi hawafuatwi na serikali wala na majasusi. Wanafuatwa na tapeli, na fundi simu, na mwenza mwenye wivu, na mkopeshaji. Kwa hao hesabu za Diffie hazisaidii chochote, kwa sababu hawashughuliki na njia. Wanakuja mwanzoni au mwishoni mwa njia. Tapeli anakupigia akijifanya wa huduma kwa wateja na kukuomba tarakimu sita zilizoingia kwa meseji sasa hivi. Ukimtajia, WhatsApp yako inahamia kwake, na dakika kumi baadaye jamaa zako wanaombwa pesa kwa jina lako. Dawa yake ni namba ya siri ya ziada iliyomo kwenye mipangilio ya akaunti, ambayo watu hawaiweki kwa uvivu tu.

Mkopeshaji naye hana haja ya kusoma barua. Anataka orodha ya majina. Programu za mikopo ya haraka huomba ruhusa ya kuona namba zote ulizohifadhi, na ukichelewa kulipa, shemeji, bosi na mwalimu wa mtoto wote wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Simu inaweza kuwa na Signal iliyofungwa vizuri na bado ikawa imeuza ukoo mzima kwa mkopo wa elfu thelathini.

Kuna na lile la GBWhatsApp, ambalo vijana wanalipenda kwa kuwa linaonyesha ujumbe uliofutwa na kuficha kwamba umesoma. Si la kampuni ya WhatsApp. Limetengenezwa na watu wengine, linasambazwa nje ya duka rasmi la programu, na kufumba kokote kunafanyika ndani ya mikono yao. Mwenye programu anaona kila unachoandika kabla hakijafumbwa kama akitaka. Hapa sina maneno ya kupima pande mbili: liondoe.

Nakala ndiyo sehemu inayosahaulika. WhatsApp inaweza kuhifadhi mazungumzo yako kwenye akaunti ya Google au Apple ili usiyapoteze ukibadili simu, na kwa miaka mingi nakala hiyo ilikaa bila kufumbwa mwisho hadi mwisho. Tangu Oktoba 2021 unaweza kuifumba kwa nywila yako, ila lazima uiwashe mwenyewe. Na hata ukiiwasha, mwenzako asipoiwasha, mazungumzo yenu yote yako kwenye nakala yake. Sasa zidisha hilo kwa kundi la harusi la watu mia mbili. Machi 2025 wakubwa wa usalama wa Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen kwenye kundi la Signal, na mmoja wao akawa amemwingiza kimakosa mhariri wa jarida la The Atlantic. Signal ilifanya kazi yake sawasawa: ilimfikishia mhariri kila ujumbe kwa usalama kabisa.

Wenye maadui wakubwa wana taabu zaidi. Mwaka 2019 WhatsApp iligundua kwamba programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO ya Israel ilikuwa imerushwa kwenye simu zipatazo 1,400 kupitia simu za WhatsApp zilizopigwa tu, hata bila kupokelewa; miongoni mwa waliolengwa walikuwamo Wanyarwanda waishio uhamishoni. Aliye ndani ya simu anasoma kama unavyosoma wewe, iwe Signal au nyingine. Kwa mwandishi wa habari au wakili, kusasisha simu kila toleo jipya linapotoka ni kinga kubwa kuliko kubadili programu.

Na mihuri? Ile hesabu ya 19 na 2 ina tundu: mtu wa katikati anaweza kujifanya shangazi kwako, na kujifanya wewe kwa shangazi, akakubaliana namba na kila mmoja. Ndiyo maana Signal na WhatsApp zina namba ya uhakiki yenye tarakimu 60, ambayo ikilingana kwenye simu zote mbili hakuna aliyejipenyeza. Kazi yake ni ile ya sarafu na kidonge cha rangi: haizuii kufunguliwa, inakuonyesha kama imefunguliwa. Karibu hakuna anayeihakiki. Kwa salamu za Idi si lazima. Kwa hati ya shamba au jina la shahidi, fanyeni hivyo mkikutana ana kwa ana.

Kuna jambo ambalo hakuna programu ya kawaida inayolitatua: njia yenyewe kufungwa. Agosti 1871 Mtemi Mirambo aliivamia Tabora na kufunga njia ya Ujiji. Pale Kwihara palikuwa na kifurushi cha barua alizoandikiwa Livingstone, juu kimeandikwa Novemba 1, 1870, kimekwama. Stanley alikichukua na kuzunguka nacho kusini ndipo kikamfikia mwenyewe. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, WhatsApp na mitandao mingine ilibanwa nchini, na Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa kabisa. Lakiri haina msaada barabara ikifungwa. Programu ya Briar inaweza kupitisha ujumbe kati ya simu zilizo karibu kwa Bluetooth bila intaneti wala namba ya simu. Inafaa kwa nyumba za mtaa mmoja, si kwa shangazi wa Urambo.

Mimi ningefanya hivi: WhatsApp ibaki kwa kuwa watu wako humo, ikiwa na namba ya siri ya ziada na nakala iliyofumbwa, Signal iwepo kwa mambo machache yanayoweza kumuumiza mtu, na ujumbe wake uwekewe muda wa kujifuta. Hayo yote yanawezekana kwa wenye simu janja. Shangazi mwenye kitochi anapata meseji ya kawaida, ambayo mtandao wa simu unaweza kuisoma, na pale siri yenu inashuka hadi kiwango cha simu yake. La siri mpelekee mwenyewe. Basi la Urambo lipo.